Safari ya Lens: mji wa makaa ya mawe na wazee waliobaki

Mwezi Novemba uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Ufaransa, mume na mke, kumwona binti yetu anayeishi na mumewe katika jiji la Lille, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Hatukwenda kutalii. Tulikwenda kumpakata mjukuu ambaye alikuwa hajatimiza arobaini, na kumpikia mzazi uji wa pilipili manga kama ilivyo ada ya kwetu Tanga.

Lakini tuliondoka nyumbani na mzigo ambao haukupimwa uwanja wa ndege. Kijana wetu wa mwisho, fundi umeme mwenye umri wa miaka 23, alikuwa amekwisha kumpata wakala wa kumpeleka Ghuba kufanya kazi. Mshahara aliotajiwa ulikuwa mara nne ya anaoupata nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, umeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na wakala alitaka utiwe saini upesi. Tulimwambia asubiri turudi. Akatujibu kwamba bahati haisubiri mtu. Tukaachana hivyo, kila upande umenyamaza.

Mkwe wetu alitusikia tukilirudia jambo hilo kila baada ya chakula cha usiku. Yeye ni mzaliwa wa Lens, mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe usio mbali na Lille. Marehemu baba yake alitoka Morocco akiwa kijana, akafanya kazi chini ya ardhi mpaka mapafu yakamshinda. Usiku mmoja alituambia kwa adabu: "Baba, mama, kabla hamjamkataza kijana wala kumruhusu, nipeni siku mbili niwapeleke kwetu." Shoga wa binti yetu akaja kukaa na mzazi, nasi tukaondoka.

Kituo chenye umbo la gari moshi

Kutoka Lille hadi Lens kwa treni ni mwendo usiofika saa moja. Tulifika Ijumaa asubuhi, mvua ikinyesha nyembamba kama unga unaochekechwa. Mkwe wetu alitutaka tuvuke barabara, tugeuke nyuma tukitazame kituo tulichotoka. Kumbe jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la gari moshi, na mnara wake wa saa ndiyo dohani. Lilijengwa miaka ya 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuuacha mji mzima vifusi. Ndani, ukutani, ipo michoro ya vijiwe vya rangi inayoonyesha wachimba makaa wakiwa kazini. Mji huu ulijitambulisha kwa mgeni tangu hatua ya kwanza: sisi ni watu wa makaa.

Zamani kila kitu hapa kilikuwa cha kampuni ya mgodi. Kampuni ilijenga nyumba, shule, zahanati na makanisa. Hata uwanja wa mpira wa klabu ya Lens, wenye viti vingi kuliko idadi ya wakazi wa mji, umepewa jina la mkurugenzi wa kampuni, Félix Bollaert. Mchimbaji alizaliwa katika nyumba ya kampuni, akatibiwa na daktari wa kampuni, na siku aliyoacha kazi alitakiwa kukumbuka kwamba ufunguo wa mlango si wake.

Nyumba hizo bado zipo. Ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima nyumba za aina moja, na nyuma ya kila nyumba kipo kiwanja kidogo cha kulima mboga. Tulipita tukaona kabichi na vitunguu, na kwenye baadhi ya viwanja majani ya nanaa. "Penye nanaa," mkwe wetu alitufundisha, "bisha hodi kwa salamu ya Kiislamu."

Makaa ya mawe yaligunduliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1720, katika kijiji cha Fresnes-sur-Escaut. Upande huu wa Lens uchimbaji ulianza katikati ya karne iliyofuata. Kwa miaka 270 makaa hayo yaliendesha viwanda, treni na majiko ya nchi nzima. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali iliitaifisha migodi, na wakati huo watu zaidi ya 200,000 walikuwa wakifanya kazi katika ukanda huu peke yake. Kisha yakaja mafuta, ikaja gesi, na makaa ya nchi nyingine yaliyokuwa rahisi zaidi. Tarehe 21 Desemba 1990, katika mji wa Oignies, makaa ya mwisho yalipandishwa juu, na mashimo yakafungwa.

Vilima vilivyotoka chini ya ardhi

Nchi ya huko ni tambarare kama sinia, lakini ukitazama pembe zote unaona vilima vyeusi vyenye ncha kali. Hivyo si vilima vya maumbile. Ni mawe na kifusi kilichotolewa chini pamoja na makaa, kikamwagwa hapo siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Viwili vilivyosimama pacha katika kitongoji cha Loos-en-Gohelle, jirani na Lens, vinatajwa kuwa virefu kuliko vyote vya namna yake katika Ulaya. Vilele vyake viko mita 186 juu ya usawa wa bahari.

Tulipanda kimoja polepole, tukipumzika kila tulipoishiwa pumzi. Njia ni ya vipande vya mawe meusi vinavyoteleza. Majani na miti midogo imeanza kuota pembeni, na watu hupanda hapo kwa mazoezi na kuwatembeza watoto. Mkwe wetu alitueleza kwamba baadhi ya vilima vya ukanda huu bado vinaungua ndani kwa ndani, kwa sababu ya mabaki ya makaa yaliyomo.

Tulipofika juu hatukusema neno kwa muda. Tulijiuliza: kila kijiwe kilicho chini ya miguu yetu kilipita mikononi mwa mtu. Mlima mzima umebebwa kutoka gizani, na waliobeba ni watu wenye majina. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliuingiza ukanda huu wa migodi, pamoja na vilima hivi, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka huo huo jumba la makumbusho la Louvre la Paris lilifungua tawi lake Lens, juu ya kiwanja cha mgodi uliofungwa. Tuliingia kwa nusu saa. Katika ukumbi mmoja mrefu wa mita 120 vimepangwa vitu vya mataifa na karne mbalimbali kwa kufuata miaka, na vyombo vya sanaa ya Kiislamu vimo safu moja na vya Ulaya. Ni mahali pazuri, na mji unastahili kitu kizuri. Lakini wakati wa swala ulikuwa umekaribia, nasi hatukuja Lens kwa ajili ya vyombo.

Safu ya viti

Swala ya Ijumaa tuliswali katika msikiti mdogo wa mtaa. Hotuba ilitolewa kwa Kiarabu, kisha kwa Kifaransa. Jambo lililotushika macho halikuwa mimbari wala zulia. Lilikuwa safu ya viti. Katika misikiti yetu viti huwa viwili vitatu, vya wazee wenye magoti mabovu. Hapa vilikuwa safu nzima, na waliovikalia walikuwa wazee wenye vifua vipana na mikono mizito, watu ambao ungedhani wanaweza kubeba gunia bila msaada. Imamu aliporefusha kisomo kidogo, tulisikia safu ile ikikohoa, mmoja akianza na mwingine akipokea.

Baada ya swala mkwe wetu alitupeleka kwa mmoja wao, rafiki wa marehemu baba yake, mzee ambaye mtaa mzima unamwita Haji. Ijumaa kwa watu wa Morocco ni siku ya kuskusi, na sinia lilikuwa tayari limetutangulia. Tulikula, ikaja chai ya nanaa, ndipo Haji akaanza kutusimulia. Alizungumza Kifaransa kilichochanganyika na Kiberiberi cha kwao kusini, mkwe wetu akafasiri. Palipokuwa na aya au dua tulielewana wenyewe bila mkalimani.

Alikuwa na miaka ishirini na ushei mambo yalipomfikia kijijini kwao, upande wa Souss. Habari zilienea kwamba Mfaransa mmoja aitwaye Félix Mora anakuja kuandikisha watu wa migodi. Jina la mtu huyo linajulikana na kila familia ya Morocco kaskazini mwa Ufaransa. Tangu miaka ya 1960 alizunguka vijiji vya kusini mwa Morocco kwa niaba ya migodi ya makaa, na idadi inayotajwa mara nyingi ya waliochukuliwa kwa mkono wake ni karibu watu 78,000. Walitakiwa vijana wenye nguvu. Walipangwa mstari, vifua wazi, wakatazamwa misuli, meno na viganja. Aliyefaa aligongwa mhuri wa kijani kifuani. Aliyekataliwa aligongwa mhuri mwekundu.

Haji aliweka kidole juu ya kanzu, upande wa kushoto wa kifua. "Hapa," alisema. "Nilifurahi. Nilikimbia nyumbani kumwonyesha mama. Mama aliutazama mhuri, akasema: kondoo nao hupigwa alama namna hii siku ya soko. Nilimkasirikia. Nilimwona hajui dunia."

Mkataba wake ulikuwa wa miezi 18. Hakujua kusoma. Aliwekewa karatasi, akaonyeshwa mahali, akaweka kidole gumba. Alichodhani ni kwamba amepata kazi ya Ufaransa. Hakujua kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kupanga, tangu mwaka 1960, kupunguza uchimbaji wa makaa hatua kwa hatua. Migodi ilikuwa inaelekea kufungwa. Walihitajika watu wa kumalizia kazi, watu ambao mikataba yao ikiisha ingekuwa rahisi kuwarudisha makwao. Mchimbaji Mfaransa alikuwa na haki zake zilizowekwa na sheria ya mwaka 1946: makazi, makaa ya kupashia nyumba moto, matibabu na pensheni. Haji na wenzake waliteremka katika shimo lile lile kwa lifti ile ile, lakini kwa karatasi nyingine.

Hawakuwa wageni wa kwanza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waalgeria wa Kabylia, baada ya vita hiyo wakaja Wapolandi kwa maelfu, kisha Waitaliano. Kila kundi lilipewa kazi ambayo waliotangulia walikuwa wameanza kuikimbia.

"Chini kule," Haji alisema, "hapakuwa na Mfaransa, Mpolandi wala Mwarabu. Ukipanda juu wote ni weusi kwa vumbi. Tofauti ilianza tukishaoga."

Mwaka 1980 wachimbaji kutoka Morocco waligoma, wakapata hadhi ya kazi sawa na wenzao. Mwaka 1987 waligoma tena, safari hii kwa sababu ya masharti ya kuwaachisha kazi na kuwarejesha kwao wakati migodi inafungwa. Hata baada ya kustaafu mambo hayakwisha. Wenzao waliruhusiwa kupokea kwa mkupuo thamani ya haki zao za makazi na makaa, fedha ambazo mtu angeweza kununulia nyumba, lakini wao walinyimwa kwa sababu ya uraia wao. Kumi miongoni mwao walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Douai iliwapa haki. Wakati huo wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Haji alinyanyuka, akarudi na bati la biskuti. Ndani yake zimo karatasi zote: mkataba wa kwanza wenye alama ya kidole, hati za mshahara za kila mwezi zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, picha za mapafu, na vyeti vya daktari vinavyotaja kwa asilimia sehemu ya pumzi aliyoipoteza. Kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini, madarasa ya jioni, kwa ajili ya bati hili. "Niliyemkuta akinidai karatasi nilikuwa nayo," alisema. "Marafiki zangu walitupa zao. Walipofika mbele ya dawati wakaambiwa: hapana ushahidi kwamba umewahi kufanya kazi hapa."

Upande wa wanawake

Wanawake walikaa chumba cha ndani, na yaliyosemwa huko tuliyapata jioni kwa mama watoto. Mke wa Haji aliolewa miezi michache kabla ya mhuri. Mume aliondoka, naye akakaa ukweni miaka sita. Kwa kuwa wote wawili hawakujua kusoma, hawakuandikiana barua. Walitumiana kaseti. Mume anazungumza upande mmoja, msafiri anayerudi likizo anaipeleka, mke anajibu upande wa pili. Tatizo, alisema, ni kwamba kuna maneno ambayo mke hawezi kuyasema mbele ya wakwe, na redio ilikuwa moja nyumba nzima. Kwa hiyo kaseti zake zilijaa salamu na habari za mbuzi.

Alipofika Lens pamoja na watoto alimkuta mwanamume anayekohoa. Alizoea kumtambua mlangoni kwa kikohozi kabla ya ufunguo. Zamu ya usiku ilipochelewa, wanawake wote wa mtaa walitoka mlangoni na kusimama, Wapolandi, Wafaransa na Waarabu, bila kusemezana, mpaka waume waonekane kwenye kona. Bi Hajja alisema jambo moja ambalo mama watoto alilirudia mara mbili: "Alinipigania nipate nyumba nzuri. Mimi nilikuwa namtaka yeye."

Nguo zinazoning'inia

Tulipoaga, Haji alituambia tusiondoke bila kufika Lewarde, na tukifika tuangalie juu. Jumamosi asubuhi mkwe wetu alituendesha hadi huko, karibu na mji wa Douai. Mgodi wa Lewarde uliacha kazi mwaka 1971, na tangu 1984 ni makumbusho ya historia ya machimbo, makubwa kuliko yote ya aina yake Ufaransa.

Tuliingia katika chumba kikubwa cha kubadilishia nguo, tukaangalia juu kama tulivyoagizwa. Darini zinaning'inia nguo za kazi, viatu na kofia, kila mtu na mnyororo wake, zimevutwa juu ili zikauke. Ukiingia ghafla unadhani ni watu wametundikwa, na Wafaransa wenyewe hukiita ukumbi wa walionyongwa. Mbele yake ni chumba cha taa. Kila mchimbaji alikuwa na kipande cha chuma chenye namba yake. Kwa namba hizo ilijulikana nani yuko chini na nani amepanda. Zamu ikiisha na namba ya mtu haijarudi mahali pake, ndipo hofu inapoanzia.

Kisha tukapita katika njia za mfano zilizojengwa kuonyesha kazi ilivyokuwa, kutoka enzi ya sururu na farasi hadi enzi ya mashine. Zipo sehemu ambazo mchimbaji alilala ubavu, tabaka la makaa likiwa jembamba kuliko urefu wa mkono. Waswahili tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali haisemi ainame kwa miaka mingapi, wala nani atamnyosha mgongo akimaliza. Mashine za kutobolea ziliwashwa kidogo tuzisikie, na mama watoto akaziba masikio. Mashine hizo ziliongeza makaa na pia vumbi. Vumbi la mawe likiingia mapafuni halitoki. Hutengeneza makovu, na mapafu hukakamaa taratibu, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Ndio ugonjwa uitwao silikosi, ndio safu ile ya viti msikitini.

Yapo pia mauti ya ghafla. Si mbali na Lens, tarehe 10 Machi 1906, vumbi la makaa lililipuka katika migodi ya kampuni ya Courrières, moto ukapita njia za chini kwa kilomita nyingi. Walikufa watu 1,099, wakiwamo wavulana wadogo. Kampuni iliacha mapema kutafuta walio hai. Siku 20 baadaye, kwa mshangao wa nchi nzima, watu 13 walitokea wenyewe kutoka gizani. Walikuwa wameishi kwa chakula cha farasi na nyama ya farasi. Siku chache baadaye akapatikana mwingine mmoja. Na miaka mingi baada ya hapo, tarehe 27 Desemba 1974, mlipuko wa Liévin, jirani kabisa na Lens, uliua wachimbaji 42. Haji aliwajua baadhi yao.

Waliolala kuelekea Kibla

Alasiri tulipanda kilima cha Notre-Dame-de-Lorette, kinachotazamana na vile vilima viwili pacha. Hapa ni makaburi ya askari wa Ufaransa wa Vita Kuu ya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya misalaba iliyonyooka kama mistari ya daftari. Upande mmoja mistari inageuka. Ni sehemu ya Waislamu, askari kutoka Afrika Kaskazini na kwingineko, na makaburi yao yameelekezwa Makka. Mwaka 2008 watu waovu waliyachafua kwa maandishi ya matusi, yakasafishwa. Tulisimama tukawasomea Fatiha.

Karibu na hapo, mwaka 2014, ilijengwa pete kubwa ya zege. Ndani yake, juu ya bati za chuma, yameandikwa majina 579,606 ya waliokufa katika eneo hili wakati wa vita hiyo. Hayakupangwa kwa taifa, wala cheo, wala dini, bali kwa alfabeti. Wajerumani, Waingereza, Wafaransa, Wahindi na Waafrika wamechanganyika. Tulitembea tukitafuta majina yetu, tukayaona: Ahmed, Ali, Mohamed, moja chini ya jingine.

Mkwe wetu alitazama uwanda wa migodi ulio chini, akasema kwa sauti ndogo: "Baba yangu hayumo. Waliokufa kwa risasi wameandikwa. Waliokufa kwa vumbi walikufa mmoja mmoja, kila mtu kitandani kwake." Hatukuwa na jibu. Tulimshika bega, tukamwombea baba yake.

Simu ya usiku

Usiku ule tulimpigia kijana wetu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekwisha kutia saini?"

"Bado. Ni keshokutwa."

Hatukumwambia asiende. Kutafuta riziki katika ardhi ya Mwenyezi Mungu si aibu, na Haji mwenyewe, tulipomuuliza kama anajuta, alitutazama kwa muda kisha akatuonyesha ukutani picha za wajukuu, mmoja wao daktari. Tulimsimulia kijana habari za mhuri, kidole gumba na bati la biskuti. Tulimkumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Dini iliyojali jasho namna hiyo haiwezi kumtaka kijana aweke saini gizani.

"Tunakuomba jambo moja tu," tulisema. "Chukua nakala ya mkataba. Mpelekee mwalimu wako wa Kiarabu akusomee kila mstari: mshahara, saa za kazi, matibabu, pasipoti itakaa kwa nani, na ukiumia nani atakurudisha. Ukiridhika, nenda, na dua zetu unazo."

Siku ya tatu alitupigia yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wakala amesema karatasi haitoki ofisini kwake."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimemwambia basi na mimi sitoki kwetu."

Bado anataka kwenda, nasi hatumzuii. Sasa anatafuta wakala aliyesajiliwa, na mwenye kukubali mkataba usomwe mchana, mbele ya watu. Siku aliyotupokea uwanja wa ndege tulimletea zawadi kutoka Lens: bati tupu la biskuti, alilotupa Haji kwa mkono wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliolala chini ya vilima vile, wa risasi na wa vumbi, awape wepesi wa pumzi wazee wa ile safu ya viti, na awalinde watoto wetu popote wanapotafuta riziki ya halali. Amin.